Visasishi vinavyojiendesha bila kuombwa: kusoma dalili, kutafuta chanzo na kuvidhibiti

Kompyuta ya nyumbani iliyotumika kwa miaka michache huwa imebeba programu nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka, na karibu kila moja ilikuja na msaidizi wake wa kutafuta matoleo mapya. Kivinjari kina kisasishi chake, kisomaji cha hati za PDF kina chake, Java ina chake, printa ina chake, mtengenezaji wa kompyuta aliacha chake tangu kiwandani, na juu ya vyote hivyo upo mfumo endeshi wenyewe. Visasishi hivi havishauriani. Kila kimoja huamka kwa ratiba yake, huchota intaneti na kusoma diski kana kwamba hakuna kazi nyingine inayoendelea, na mwenye kompyuta huona matokeo tu: mashine imekuwa nzito, kifurushi cha data kimeisha mapema, au kidirisha kimejitokeza katikati ya kazi.

Maelezo yafuatayo yanahusu zaidi Windows 10 na Windows 11, kwa sababu huko ndiko visasishi vya watengenezaji mbalimbali hurundikana zaidi. Mac na Linux zimegusiwa kuelekea mwisho.

Kabla ya kuzima chochote

Kisasishi kinachoudhi si lazima kiwe hakina kazi. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa rekebisho la usalama lenye namba MS17-010. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu hasidi iitwayo WannaCry ilianza kuenea duniani kwa kupitia udhaifu uleule ambao rekebisho hilo lilikuwa limekwisha kuuziba, ikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Waliokuwa wamelipokea rekebisho hilo hawakuweza kuingiliwa kwa njia hiyo. Walioahirisha au kuzima masasisho waliachwa wazi. Kwa hiyo swali la kwanza si jinsi ya kukizima kisasishi, bali ni nani atakayefanya kazi yake kikishazimwa.

Nashauri programu zote zigawanywe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la programu zinazopokea vitu kutoka nje: mfumo endeshi, kivinjari, kinga dhidi ya virusi, programu ya barua pepe, kisomaji cha PDF na programu za kufungulia hati. Visasishi vya fungu hili hupangiwa muda, lakini havizimwi. Fungu la pili ni la programu unazozitumia ambazo hazigusani sana na ulimwengu wa nje, kama vile ile inayopima wino wa printa au inayobadilisha rangi za taa za kibodi. Hizi zinaweza kunyamazishwa na kusasishwa kwa mkono mara mojamoja. Fungu la tatu ni la programu ambazo huzitumii tena. Hapo dawa si kuzima kisasishi, bali kuiondoa programu yenyewe, kwa kuwa ikiondoka huondoka na kisasishi chake pamoja na udhaifu wowote uliobaki ndani yake. Programu iliyoachwa kwenye diski huku kisasishi chake kimezimwa ndiyo hali mbaya kuliko zote, nami naona watu wengi huishia hapo kwa sababu kuzima ni rahisi kuliko kuamua.

Mahali visasishi vinapokaa

Kwenye Windows kisasishi huweza kujificha katika sehemu nne, na anayetafuta katika sehemu moja tu hudhani amekimaliza kumbe bado kipo. Sehemu ya kwanza ni orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua dirisha la kusimamia shughuli, kisha nenda kwenye ukurasa wa programu za kuanzia. Sehemu ya pili ni huduma za mfumo, ambazo hufunguliwa kwa kuandika services.msc kwenye kisanduku cha kutafutia. Sehemu ya tatu, ambayo husahaulika zaidi, ni ratiba ya kazi za kompyuta, inayofunguliwa kwa kuandika taskschd.msc. Sehemu ya nne ni ndani ya programu yenyewe: zipo programu ambazo hazina kisasishi cha pembeni, bali hukagua matoleo mapya kila zinapofunguliwa.

Anayetaka kuona sehemu tatu za kwanza kwa mara moja anaweza kupakua Autoruns, zana ya bure kutoka mkusanyiko wa Sysinternals ambao ni mali ya Microsoft tangu 2006. Zana hii huorodhesha kila kitu kinachojianzisha, pamoja na jina la mtengenezaji na mahali faili lilipo. Ukiondoa alama ya tiki pembeni ya kitu, hakianzi tena. Ukiirudisha, kinaanza kama zamani. Tumia tiki hiyo wala usifute kitu, kwa sababu kilichofutwa hakirudi kwa kubofya mara moja.

Dalili: kompyuta ni nzito dakika za mwanzo, kisha hutulia

Hii ndiyo dalili ya kawaida zaidi, na mara nyingi huhusishwa kimakosa na uzee wa kompyuta. Ukiwa na diski ya kuzunguka badala ya SSD (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka), visasishi vitano au sita vinavyoanza kwa wakati mmoja hutosha kuifanya diski isome kwa asilimia 100 kwa muda mrefu, huku prosesa ikiwa haina kazi kubwa. Subiri kompyuta iwake, fungua dirisha la kusimamia shughuli mara moja, na upange orodha kwa safu ya diski. Angalia majina yanayokuwa juu.

Ukiona TiWorker.exe au TrustedInstaller, huyo ni mfumo endeshi unaosakinisha vipande vya Windows. Mwache amalize. Kumkatiza kwa kuzima umeme kunaweza kuacha usakinishaji nusu, na safari ijayo ataanza upya au atarudisha kila kitu nyuma, jambo ambalo huchukua muda mrefu zaidi kuliko ule uliotaka kuuokoa. Iwapo uzito huo unajirudia mara moja kwa mwezi na kwa tarehe zinazokaribiana, sababu yake ni karibu hakika: Microsoft hutoa masasisho yake makuu ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi.

Ukiona jusched.exe, hicho ni kisasishi cha Java, ambacho hukaa kwenye kumbukumbu muda wote kikisubiri siku yake ya kukagua. Jiulize kwanza kama bado unaihitaji Java. Vivinjari vya leo havitumii tena kiongezi cha Java, na programu nyingi zinazoitegemea huja na nakala yake ndani. Kwa hiyo nyumba nyingi zinaweza kuiondoa bila kupoteza kitu. AdobeARMservice ni huduma ya kusasisha kisomaji cha PDF cha Adobe. Ukiwa unafungua PDF chache tu, vivinjari vyote vikubwa huzifungua vyenyewe, na hapo kisomaji cha pembeni huwa ni mzigo usio wa lazima pamoja na kisasishi chake.

Kwa programu unazozihitaji, njia ya upole ni kuichelewesha huduma badala ya kuizima. Katika services.msc bofya huduma mara mbili, kisha kwenye aina ya kuanza chagua ile ya kujianzisha kwa kuchelewa. Huduma hiyo itasubiri nyingine za lazima zikamilike, na kwa kawaida itaanza kama dakika mbili baadaye, wakati diski imepata nafuu.

Dalili: data inaisha bila sababu inayoonekana

Anayelipia intaneti kwa kiasi cha data huumizwa na visasishi kuliko mtu mwingine yeyote, na malalamiko yake ni ya haki kabisa. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya mtandao na intaneti, na utafute ukurasa wa matumizi ya data, unaoonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Kwa kuona kinachotokea wakati huohuo, andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia na ufungue ukurasa wa mtandao. Programu inayopokea baiti nyingi kwa sekunde itakuwa juu ya orodha.

Mara nyingi jina litakalotokea ni svchost.exe, ambalo halisemi lolote, kwa kuwa ni ganda linalobeba huduma mbalimbali za Windows. Rudi kwenye dirisha la kusimamia shughuli na uifungue mistari ya ganda hilo ili uone huduma iliyo ndani. Ikiwa ni wuauserv, ni Windows inayopakua masasisho. Ikiwa ni BITS, ni mchukuzi wa chinichini anayetumiwa na Windows na hata na baadhi ya visasishi vya kampuni nyingine. Ikiwa ni DoSvc, hiyo ni huduma ya kugawana masasisho: inaweza kupokea vipande kutoka kompyuta nyingine na kuzipelekea nyingine vipande ulivyonavyo. Kwenye mtandao wa ndani wa nyumba jambo hili husaidia, kwa sababu sasisho hupakuliwa mara moja na kugawanywa. Lakini ikiwa imeruhusiwa kugawana na kompyuta za mbali kwenye intaneti, data yako hutumika kuwahudumia watu usiowajua. Tafuta mpangilio huo katika ukurasa wa chaguo za ziada za Windows Update na uruhusu kompyuta za mtandao wa ndani pekee, au uzime kugawana kabisa.

Hatua yenye nguvu zaidi kwa mtu wa kifurushi ni kuutangaza muunganisho wake kuwa unapimwa. Fungua sifa za mtandao wa Wi-Fi unaoutumia na uwashe chaguo hilo. Windows itaacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho yake kwenye mtandao huo, na programu za duka la Microsoft nazo zitasubiri. Mpangilio huu hufungamana na mtandao mmojammoja, kwa hiyo unaweza kuuwasha kwa simu unayoitumia kama chanzo cha intaneti na kuuacha umezimwa kwa mtandao usio na kikomo. Ubaya wake ni kwamba visasishi vingi vya kampuni nyingine haviujali, na mtu ambaye mtandao wake wa pekee umetangazwa hivyo ni lazima afungue ukurasa wa masasisho mwenyewe na kuyapakua kwa hiari yake. Asipofanya hivyo, amejiweka katika hali ileile ya wahanga wa 2017.

Usisahau michezo. Sasisho la mchezo mmoja mkubwa linaweza kufikia makumi ya gigabaiti, yaani zaidi ya masasisho ya Windows ya miezi kadhaa. Steam, programu ya kununulia na kuendeshea michezo, ina mpangilio wa kuchagua saa ambazo masasisho yanaruhusiwa na wa kuweka kikomo cha kasi ya kupakua, na kila mchezo unaweza kuwekewa sharti la kusasishwa pale tu unapoanzishwa. Kwa nyumba yenye mchezaji, huo ndio mpangilio wa kwanza kuutazama.

Dalili: vidirisha vinavyojitokeza katikati ya kazi

Kidirisha cha sasisho kinachokuja kila siku kwa kawaida kina moja ya sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba sasisho linashindwa kukamilika, na kisasishi kinaanza tena kila kinapoamka. Ukikubali sasisho na kesho yake ukaombwa toleo lilelile, kukubali tena hakutasaidia. Pakua toleo jipya kamili kutoka tovuti ya mtengenezaji, lisakinishe juu ya lile la zamani, na kwa kawaida kelele huisha. Ya pili ni akaunti isiyo na mamlaka: mtumiaji wa akaunti ya kawaida huombwa nenosiri la msimamizi, hana, anafunga, na kidirisha hurudi. Ingia mara moja kwa akaunti ya msimamizi ulikamilishe sasisho hapo.

Sababu ya tatu ni kwamba kidirisha si cha sasisho hata kidogo, bali ni tangazo lililovaa sura ya sasisho, likikushawishi ununue toleo la kulipia au usakinishe programu ya pili. Soma maneno yake yote kabla ya kubofya, na uangalie kama kuna kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki. Visasishi vya aina hii havistahili subira. Nenda kwenye mipangilio ya programu husika, uzime arifa. Ikiwa haina mpangilio wa kuzizima, hiyo yenyewe ni sababu ya kutosha ya kutafuta programu mbadala.

Programu nyingi huweka mpangilio wa masasisho chini ya menyu ya msaada, ya mapendeleo au ya taarifa za programu. Tumia mpangilio huo kwanza, kabla ya kugusa huduma au ratiba, kwa sababu mtengenezaji ameuandaa ili programu iendelee kujua hali yake. Firefox, kwa mfano, inakuruhusu uchague kati ya kusakinisha masasisho yenyewe na kukagua tu kisha kukuuliza. Chaguo la pili ni zuri kwa mtu anayefungua kivinjari kila siku na aliye tayari kukubali akiulizwa.

Dalili: kompyuta inajiwasha usiku, au unaikuta imewashwa upya na kazi imepotea

Hapa usibahatishe, kwa kuwa Windows huweka kumbukumbu. Fungua eventvwr.msc, ingia kumbukumbu za mfumo, na uchuje tukio namba 1074. Tukio hilo hueleza ni programu gani iliyoomba kompyuta izimwe au iwashwe upya, na saa ngapi. Ukikuta badala yake tukio namba 41, kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Hilo huashiria umeme uliokatika, joto au hitilafu ya kifaa, na visasishi havihusiki.

Ikiwa mhusika ni Windows Update, weka saa za matumizi kwenye mipangilio yake. Windows haitajiwasha upya ndani ya saa hizo, na zinaweza kufika 18 kwa siku. Unaweza pia kusimamisha masasisho kwa wiki kadhaa, hadi siku 35. Muda huo ukiisha utalazimika kusakinisha yaliyokusanyika kabla ya kuruhusiwa kusimamisha tena. Naona kusimamisha kunafaa kwa kipindi chenye kazi nyeti, kama wiki ya mitihani au ya kuwasilisha hesabu, wala si kama desturi.

Kwa kompyuta inayoamka usingizini, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike powercfg /lastwake ili ujue ni nini kilichoiamsha mara ya mwisho, kisha powercfg /waketimers ili uone kengele zilizowekwa kwa wakati ujao. Kengele ikiwa ni ya kazi fulani iliyo kwenye taskschd.msc, ifungue kazi hiyo, nenda ukurasa wa masharti, na uondoe tiki inayoiruhusu kuiamsha kompyuta. Kazi itaendelea kuwepo, ila itasubiri mpaka wewe mwenyewe uwe umeiwasha mashine. Ukitaka kuzifunga kengele zote kwa pamoja, mpangilio wake uko ndani ya mipango ya umeme, sehemu ya usingizi.

Dalili: ulikizima, lakini kimerudi

Mtu aliyefuta kazi ya kisasishi asubuhi na kuikuta imerudi jioni huanza kushuku virusi. Kwa kawaida si virusi. Visasishi vingi huundwa kwa tabaka mbili zinazolindana: huduma hukagua kama kazi za ratiba zipo, na programu kuu hukagua kama huduma ipo, kisha kinachokosekana huundwa upya. Kisasishi cha Google ni mfano unaojulikana. Kwa miaka mingi kilikuwa na huduma mbili, gupdate na gupdatem, na kazi mbili za ratiba ambazo majina yake yanaanza na GoogleUpdateTaskMachine, moja ikiwa ya kuamka kila baada ya saa moja. Ukiifuta kazi moja, nyingine pamoja na Chrome yenyewe huirejesha. Kisasishi cha Microsoft Edge kina muundo unaofanana na huo, kwa majina ya edgeupdate na edgeupdatem.

Badala ya kufuta, lemaza. Kazi iliyolemazwa bado ipo kwenye orodha, kwa hiyo mara nyingi mlinzi wake huiona na kuridhika, ingawa usakinishaji wa toleo jipya unaweza kuiwasha tena. Lakini kwa kisasishi cha kivinjari ningekusihi usifanye hata hilo. Kivinjari ndicho mlango mkuu wa kompyuta ya nyumbani, udhaifu wake hugunduliwa mara kwa mara, na gharama ya kuamka kwa kisasishi chake ni ndogo mno. Kama huitumii Chrome, iondoe pamoja na programu nyingine zote za Google. Kisasishi kikibaini kwamba hakina cha kuhudumia, hujiondoa chenyewe baada ya muda.

Windows nayo hujilinda vivyo hivyo. Anayezima wuauserv hukuta imewashwa tena, kwa sababu ipo huduma nyingine, WaaSMedicSvc, ambayo kazi yake ni kutengeneza njia ya masasisho ikiharibika, na kwa macho yake kuzimwa ni uharibifu. Kushindana na huduma hii kwa zana za mitaani zinazobadilisha rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, ni kupoteza muda na kuhatarisha mfumo. Mwenye Windows ya toleo la Pro ana njia halali: gpedit.msc ina sera ya kuamua kwamba masasisho yatajulishwa tu na yasipakuliwe mpaka uridhie. Toleo la Home halina gpedit.msc, na kwake saa za matumizi, usimamishaji na muunganisho unaopimwa ndivyo vyombo vilivyopo.

Dalili: kitu kimeacha kufanya kazi baada ya sasisho

Printa iliyokuwa ikichapa jana imenyamaza, au skrini inamemeteka. Kwanza thibitisha kwamba kweli kulikuwa na sasisho: andika perfmon /rel, na utaona kalenda inayoonyesha kila usakinishaji na kila hitilafu kwa siku zake. Ikiwa hitilafu ilianza kabla ya sasisho, unamfuata asiye na hatia.

Ikiwa tarehe zinalingana na kilichobadilika ni kiendeshi cha kifaa (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa hicho), fungua devmgmt.msc, bofya kifaa mara mbili, nenda ukurasa wa kiendeshi na uchague kurudi toleo lililopita. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, toleo la zamani halikuhifadhiwa, na itakubidi ulipate kwa mtengenezaji. Ikiwa ni sasisho la kawaida la Windows, liondoe kupitia historia ya masasisho, ukiandika pembeni namba yake inayoanza na KB. Ikiwa ni toleo jipya kamili la Windows, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia ukurasa wa urejeshaji. Baada ya hapo mafaili ya toleo la awali hufutwa ili kurudisha nafasi. Ukishamaliza, simamisha masasisho kwa wiki moja au mbili ili sasisho hilo lisirudi usiku huohuo, na umpe mtengenezaji nafasi ya kulirekebisha.

Dalili: kisasishi usichokitambua

Bofya kulia kwenye jina lake ndani ya dirisha la kusimamia shughuli na ufungue mahali faili lilipo. Faili lililo ndani ya Program Files lina uwezekano mkubwa wa kuwa halali kuliko lililo kwenye folda ya mafaili ya muda, ingawa zipo programu halali zinazojisakinisha ndani ya folda ya AppData ya mtumiaji. Fungua sifa za faili na utafute ukurasa wa sahihi ya kidijitali, alama inayothibitisha faili limetoka kwa nani. Faili lisilo na sahihi, lenye jina linalokaribiana na la kampuni maarufu lakini likiwa na herufi iliyopachikwa au kukosekana, lichunguzwe kwa kinga dhidi ya virusi kabla ya hatua nyingine.

Sasisho linalotangazwa ndani ya ukurasa wa tovuti, likidai kivinjari au kichezeshi cha video kimepitwa na wakati, lichukulie kuwa ni uongo. Flash Player, ambayo jina lake lilitumiwa sana katika hila hizi, ilikoma kuhudumiwa na Adobe tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo yeyote anayekuletea sasisho lake leo anakuletea kitu kingine.

Hata hivyo sahihi si kinga kamili. Mwaka 2018 wavamizi waliingia kwenye mfumo wa ASUS Live Update na kusambaza toleo lenye programu hasidi lililotiwa sahihi halali ya kampuni, na habari zake zikatangazwa Machi 2019. Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya ilianza kuenea kutoka masasisho ya M.E.Doc, programu ya kodi iliyotumiwa sana Ukraine. Kisasishi ni njia inayoruhusiwa kuingiza programu mpya kwa mamlaka ya juu bila kukuuliza. Kadiri njia hizo zinavyokuwa chache, ndivyo nafasi za kuvamiwa zinavyopungua. Kisasishi cha mtengenezaji wa kompyuta, ambacho wengi hawakukiomba, ni cha kwanza kuangaliwa kama kinahitajika, kwa kuwa viendeshi vingi hupatikana pia kupitia Windows Update.

Anayetaka kupunguza visasishi bila kubaki na programu zilizochakaa anaweza kutumia winget, zana ya Microsoft ya kusasisha programu kwa amri, inayopatikana Windows 11 na matoleo ya karibuni ya Windows 10. Amri winget upgrade huorodhesha programu zenye matoleo mapya, na winget upgrade --all huzisasisha kwa pamoja. Kwa fungu la pili la programu, kuiendesha amri hiyo mara moja kwa mwezi hutosha kuchukua nafasi ya visasishi vingi vya pembeni.

Kwenye Mac na Linux

Tangu macOS 13 ya mwaka 2022, mipangilio ya mfumo huonyesha vitu vyote vinavyoruhusiwa kufanya kazi chinichini, katika ukurasa wa vitu vya kuingia, na kila kimoja kina swichi yake. Kwa matoleo ya nyuma, tazama folda za LaunchAgents na LaunchDaemons ndani ya Library. Mabaki ya programu zilizoburutwa kwenye kapu la taka bila kuondolewa rasmi hukaa humo.

Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, dalili ya kawaida ni ujumbe kwamba faili la kufuli la dpkg, msimamizi wa vifurushi vya programu, limeshikwa. Aliyelishika kwa kawaida ni unattended-upgrades, anayesakinisha masasisho ya usalama. Subiri amalize, kulifuta faili la kufuli akiwa katikati ya kazi kunaweza kuvuruga hifadhidata ya vifurushi. Amri systemctl list-timers huonyesha ataamka lini tena. Vifurushi vya snap, ambavyo hukaguliwa mara nne kwa siku, vinaweza kuzuiliwa kwa amri snap refresh --hold.

Ikiwa ulizima kupita kiasi na sasa masasisho unayoyataka hayaji

Rudi nyuma kwa mpangilio uleule uliokuja nao. Kwenye services.msc rudisha wuauserv kwenye kuanza kwa mkono, kwa maana hivyo ndivyo ilivyo kwa kawaida. Windows huiita inapohitajika. Kwenye Autoruns rudisha tiki ulizoziondoa. Hakikisha saa na tarehe ya kompyuta ni sahihi, maana tarehe iliyokosewa hufanya miunganisho na seva za masasisho ikataliwe. Sasisho likiendelea kukwama, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, simamisha huduma kwa net stop wuauserv na net stop bits, badilisha jina la folda ya SoftwareDistribution iliyo ndani ya C:\Windows, kisha uziwashe huduma hizo kwa net start. Windows itaunda folda mpya na kupakua upya. Historia ya masasisho itaonekana tupu, lakini masasisho yaliyokwisha kusakinishwa yatabaki.

Iwapo uliwahi kuendesha zana ya kuzuia masasisho, fungua pia faili liitwalo hosts lililo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Zana za aina hiyo mara nyingi huandika humo anwani za seva za Microsoft na kuzielekeza kwenye kompyuta yako mwenyewe, ili zisifikike kamwe. Weka nakala ya faili hilo kando, futa mistari hiyo kwa kutumia Notepad iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, hifadhi, uwashe kompyuta upya, kisha ukague masasisho tena.